Mahé hadi Tanga kwa tanga: siku nane baharini, na kwa nini tulilenga kusini ya nyumbani

Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kule kwenye uzi wa ajira za baharini niliahidi kwamba nikirudi salama nitaleta stori. Nimerudi. Nilikuwa naandika kwenye daftari nikiwa zamu, na nusu ya kurasa zimelowa maji ya chumvi zikagandana, kwa hiyo nitakachoruka mniwie radhi.

Kwa wasionijua: mimi mtoto wa Tanga, baba mvuvi wa Mwambani. Oktoba mwaka juzi nilipata kibarua kwenye mashua ya matanga ya wazee wawili wa Kiholanzi, mume na mke, wastaafu. Chombo cha futi 39, mlingoti mmoja. Kazi yangu kupika, kusugua, kushika zamu za usiku na kuwasemea bandarini. Tuliondoka Tanga wakati wa maleleji, upepo wa kubahatisha, tukapita Ngazija, Mayotte, halafu Nosy Be kule Bukini, yaani Madagaska. Desemba mwanzoni tukapanda Shelisheli kukimbia msimu wa vimbunga, kwa sababu Mahé, kisiwa chake kikuu, iko karibu na ikweta na vimbunga vingi vinapita kusini yake. Kusi la Juni na Julai tukaliacha livume mpaka lichoke. Septemba mwanzoni tukang'oa nanga kurudi nyumbani.

Miezi ile kumi na moja ina mambo yake, lakini leo nataka kuongelea kurudi tu. Maili 980 za baharini, yaani kilomita 1,800 na ushee, na ukishaviacha visiwa vya Amirante hakuna hata jiwe la kukaa ndege mpaka pwani yetu.

Jambo moja mlijue mapema: nahodha alikuwa yule mama. Mzee ni fundi mitambo na mpishi wa Jumapili.

Usiku wa kuamkia safari mama akatandaza ramani mezani, akachukua rula na penseli. Mimi nilitegemea mstari mnyoofu, Mahé hadi Tanga. Mama akachora mstari wa kwanza kwenda magharibi moja kwa moja ili tuipite African Banks upande wa kaskazini, visiwa vya chini sana, usiku huvioni mpaka umevikanyaga. Kutoka hapo mstari ukaanza kushuka kusini, kushuka, kushuka, ukaishia kwenye bahari tupu mashariki ya Chwaka, Unguja. Latitudo 6 na dakika 10. Tanga iko 5 na dakika 4.

Nikamwambia kwa adabu, Mama, Tanga iko huku juu.

Akasema, najua, ndiyo maana tunakwenda huku chini.

Mteja kaingia dukani, naendelea jioni.

Kaskazi74

Nimekaa mkao wa kula. Usituache njia panda kama yule wa stori ya Msumbiji.

Mzee wa Rangi

Hii chai, tena ya tangawizi. Wazungu wenye mashua wana vijana wao wa kuwachukua bure, wakuchukue wewe wa Mwambani wakulipe? Weka picha.

mtoto wa likoni

@Mzee wa Rangi wewe hujafika Kilifi wala Mtwapa. Huku mashua za aina hiyo zimejaa kwenye mkono wa bahari, na vijana wetu huenda nazo hadi Bukini na kurudi. Tena wazee ndio hutafuta mtu, maana zamu za usiku zinawashinda.

Mleta uzi, huo mstari nimeuelewa tayari, lakini nanyamaza nisikuharibie.

Chumbageni

Picha zipo, ila wale wazee hawataki sura zao mitandaoni, nami nimewaheshimu. @Mzee wa Rangi kunywa taratibu, usiungue.

Naendelea.

Siku ya kwanza hapakuwa na upepo wowote nyuma ya mlima wa Mahé, tukawasha injini saa sita mfululizo. Ikumbukeni hiyo injini, itarudi. Tulipotoka kwenye kivuli cha kisiwa kusi likatupokea, kutoka kusini mashariki, la wastani, ubavuni upande wa kushoto. Chombo kikalalia kulia, na kikabaki kimelalia kulia kwa siku nane. Kila kitu mnachofanya nyumbani bila kufikiri, pale kinahitaji mpango. Kumimina chai ni kazi ya mikono mitatu. Jiko lenyewe limeninginizwa kwenye vyuma viwili linabembea, sufuria inabaki sawa ila wewe mpishi ndiye umelala upande. Nilijifunga mkanda kiunoni ili nisije nikaangukia uji.

Zamu tuligawana saa tatu tatu. Yangu ilikuwa saa tano usiku hadi saa nane, halafu alfajiri. Saa tano za usiku mwezi ule Kilimia kilikuwa kinachomoza nyuma yetu. Nilikizoea mpaka nikawa nakisubiri. Unakaa nyuma, usukani unajiongoza kwa kile kibao cha upepo, kazi yako ni kuangalia. Kila robo saa unasimama, unazunguka pande zote, unatafuta taa. Kwa siku nane tuliona taa za meli mara nne tu. Panzi wa baharini, wale samaki wa kuruka, walikuwa wanaruka gizani na kuangukia sitaha, asubuhi nawaokota. Mmoja alinigonga shavuni saa saba usiku, nikapiga kelele mpaka mzee akatoka na tochi akidhani tumevamiwa.

Chini yetu maji zaidi ya mita 4,000. Nilikuwa sitaki kufikiria hilo, lakini mama alikuwa na tabia ya kulitaja wakati wa kula.

dada wa Ngamiani

Umetaja kuvamiwa. Maharamia je? Mimi nilisikia njia hiyohiyo ya Shelisheli kuja Tanga kuna wazungu walitekwa.

Chumbageni

@dada wa Ngamiani ni kweli kabisa, tena njia hii hii. Oktoba 2009, Paul na Rachel Chandler, mume na mke Waingereza, walitoka Mahé kuja Tanga. Siku moja tu baada ya kuondoka wakachukuliwa na Wasomali, wakakaa mateka siku 388, wakaachiwa Novemba 2010. Wazee wangu walikuwa wanaifahamu habari ile kwa tarehe. Miaka ile hakuna mwenye mashua aliyekuwa anathubutu. Baadaye kukatulia, na Januari 2023 kampuni za meli zikafuta ile alama ya eneo la hatari kubwa. Kabla mwaka haujaisha, Desemba, meli ikatekwa tena. Kwa hiyo mama alikuwa na sababu mbili za kushuka kusini. Hiyo ya maharamia ndiyo ndogo, na nitawaambia kubwa. Kila jioni tulimtumia mtoto wao mahali tulipo kwa setilaiti, na akikosa ujumbe saa kumi na mbili ana namba za kupiga.

Hofu hasa ilikuja usiku wa nne, ikatokea ndani ya chombo.

Nimelala, nikasikia pampu ya ngama, ile ya kutoa maji ya chini ya sakafu, inapiga. Kwa kawaida ilipiga mara moja kwa siku, kidogo, ikanyamaza. Nikahesabu. Ikapiga tena baada ya dakika kama ishirini. Ikapiga tena. Mama naye alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani anahesabu kama mimi. Hatukusemeshana. Akainua ubao wa sakafu, akamulika. Maji meusi yanacheza huku na huku, sanduku la vitunguu linaelea.

Akachovya kidole, akaramba. Akampa mzee tochi, mzee akachovya, akaramba. Wakanigeukia, nami nikachovya. Watu watatu saa tisa usiku katikati ya Bahari ya Hindi tunaonja kama wapishi wa harusi wanaotafuta chumvi ya mchuzi. Maana maji yakiwa matamu ni tangi lenu limetoboka, mtakunywa kwa mgawo. Yakiwa ya chumvi ni bahari inaingia.

Yalikuwa ya chumvi.

Kaskazi74

Ukikata hapa nakuja Tanga kwa basi.

fundi kalafati

Gilandi ya shafti hiyo. Naapa. Injini saa sita.

Chumbageni

@fundi kalafati umenifupishia stori mkuu, lakini ndiyo hiyo.

Kwa wasiojua: shafti ya propela inatoka ndani ya chombo kwenda nje, na pale inapotokea kuna nati kubwa ambayo ndani yake mna kamba zilizopakwa mafuta za kuzuia maji. Ile injini tuliyoilazimisha siku ya kwanza iliilegeza ile nati. Mzee akajikunja nyuma ya injini, miguu tu ndiyo inaonekana, nami nimeshika tochi kwa meno huku nakumba maji kwa ndoo. Alikaza robo duara. Akasubiri. Akakaza nusu ya robo. Nikamwambia kaza basi ikauke kabisa, akakataa. Ikikauka kabisa, siku ukiwasha injini shafti inaunguza zile kamba, na hapo ndipo utakapokosa usingizi kweli. Inatakiwa idondoke tone moja moja. Tulikaa tunaangalia tone kama watu wanaoangalia mpira.

Pampu ikarudi kwenye mara moja kwa siku. Mama akachemsha maziwa ya unga yenye tangawizi, hakusema lolote, akaenda zamu.

Mpemba wa Muscat

Assalaam alaykum wote. Ndugu yangu umenikumbusha msemo wa wazee, ukenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, lakini watu huutumia kwenye harusi na misiba bila kujua ngama ni nini. Ngama ndipo maji machafu yote ya jahazi yanapokusanyikia, na baharia mwanagenzi kazi yake ya kwanza ni kuyafua. Wewe ulirejea ngamani kwelikweli, na vitunguu vyako.

Babu yangu mzaa baba alikuwa akija na kaskazi kutoka Sur mpaka Unguja, tende na chumvi na samaki mkavu, na kurudi na boriti na karafuu. Kuja kulikuwa starehe, alikuwa akisema. Kurudi ndiko kulikokuwa na hesabu. Ukitaka kurudi Oman kwa kusi huna budi uondoke mapema, Aprili au mwanzo wa Mei, kabla kusi halijapamba moto. Ukichelewa ukiwa bado unadai watu madeni ya tende, basi ukae mpaka Agosti linapolegea, kwa sababu Juni na Julai bahari ya upande wa Arabuni haina mchezo. Walioshindwa kusubiri wengine hawakufika.

Pale Sur kuna chombo kimoja, Fatah al-Khair, kilichoundwa mjini hapohapo mwaka 1951. Kiliuzwa kikaishia Yemen, na watu wa Sur wakachanga wakaenda kukinunua wakakirejesha, sasa kimewekwa nchi kavu watu wanakitazama. Nikipita huwa nasimama.

mwanagenzi_2001

Wakuu mimi swali langu ni lile la mstari. Siku hizi kuna GPS. Unaweka Tanga, unafuata mshale. Hayo ya kushuka kusini kisha kupanda si ni kupoteza muda na ushamba wa zamani?

mtoto wa likoni

Hehehe. Mleta uzi, jibu wewe, mimi nimeahidi kunyamaza.

Chumbageni

@mwanagenzi_2001 usijali, na mimi nilifikiri hivyohivyo mpaka siku ya sita.

GPS zilikuwepo mbili za chombo na ya tatu kwenye simu. Siku tano za mwanzo omo ikielekea mahali, chombo kinakwenda hapohapo. Siku ya sita nikiwa zamu naona dira inasema tunaelekea kusini magharibi, lakini ule mstari wa nyayo zetu kwenye kioo unapinda kwenda magharibi tupu. Nikadhani usukani umelegea. Siku ya saba ikazidi. Tunaelekeza kusini magharibi, tunakwenda kaskazini magharibi kidogo. Maji yenyewe yanatembea, wakuu. Wewe unatembea juu ya zulia na mtu analivuta zulia.

Huo ndio mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki. Unatoka kusini kwenda kaskazini mwaka mzima hapa kwetu, ila kaskazi ikivuma unadhoofika, na kusi likivuma unapata nguvu mpaka kufika maili nne kwa saa ukiwa katikati yake. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, wakakutana hapo juu ya Lamu au Malindi na kugeukia mashariki. Wakati wa kusi hakuna wa kuuzuia. Unakwenda mpaka Somalia.

Sasa piga hesabu na mimi. Umelenga Tanga moja kwa moja. Umefika karibu na Pemba, upepo umekuzembea usiku mmoja, au mtu wa zamu kasinzia. Umeamkia juu ya Tanga, uko usawa wa Shimoni. Unataka kurudi kusini. Upepo unatoka kusini, mkondo unatoka kusini. Chombo chetu kikipiga bisho, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku, ukitoa ule mzunguko kinasogea maili tatu kwa saa kuelekea upepo ulipo. Mkondo unakurudisha maili tatu. Utapiga bisho kutwa nzima unaangalia mnazi uleule. GPS itakuonyesha vizuri sana kwamba husogei.

Ukikosea kwa kusini hukupoteza kitu, mkondo utakuletea. Ukikosea kwa kaskazini utasubiri Novemba.

Kaskazi74

Utasubiri Novemba! Nimeipenda.

Mzee Tongoni

Vijana, mimi si mwandishi, mjukuu wangu ndiye ananiandikia. Sisi tukitoka Mafia na nazi kuja Tanga wakati wa kusi, tulikuwa hatuiachii nchi mbali. Tunapita ndani, kati ya Unguja na bara. Anayetoka nje ya Unguja lazima aijue Nungwi, ncha yake ya kaskazini. Ukiikosa Nungwi tulikuwa tunasema mpikie wali mkewe, mumewe yuko Lamu.

Huyo mama namsifu.

Chumbageni

Shikamoo mzee wangu @Mzee Tongoni. Hiyo ya wali nitaiandika kwenye daftari.

Sasa niwamalizie, na hapa ndipo nilipogombana na mama.

Siku ya saba jioni, jua linazama, tuko ile sehemu aliyoichora Mahé. Mashariki ya Chwaka, maili kama ishirini na tano kutoka nchi. Nchi hatuioni, lakini nimeshanusa. Msinicheke, baada ya siku saba za chumvi tupu unanusa moshi na majani kabla hujaona kitu. Kushoto mbele mbinguni kuna mwanga hafifu wa mahoteli ya Paje. Nyumbani kabisa. Mimi nimeshaoga kwa maji matamu, nimevaa shati safi, nahesabu kwamba tukikaza tutaiona Nungwi saa saba usiku na Tanga tunaingia asubuhi mapema.

Mama akasema, punguza tanga, tunalala hapa.

Nikasema tunalala wapi, Mama? Hapa pana nini?

Akatuelekeza. Tanga la mbele tukalivuta upande wa upepo badala ya upande wa demani, tanga kubwa tukalipunguza mara mbili, usukani tukaufunga. Vitu hivyo viwili vinabishana, kimoja kinasukuma omo huku kingine kule, chombo kinaishiwa nguvu kinatulia. Ghafla kimya. Baada ya siku saba za kupigwa, kikombe cha chai kikakaa mezani bila kushikwa. Nilikitazama kile kikombe kwa hasira.

Nikamwambia mimi hii bahari naijua, baba anavua huku. Akaniuliza, baba yako ana taa kwenye ngalawa yake? Nikanyamaza. Hana. Anayo tochi ya simu, na huwasha akisikia mngurumo. Akaniuliza, na nyavu za usiku zina taa? Nikanyamaza tena. Akasema, basi mimi sitaki kufika nchini kwako kwa kumgonga baba yako.

Nilikwenda kukaa omo peke yangu nimenuna kama mtoto. Mzee akaniletea karanga.

Saa tisa usiku, zamu ya mama, simu yangu ikaanza kulia ndani ya kabati. Ikalia, ikalia, ikalia. Mtandao umeshika. Ujumbe wa siku nane wote unaingia kwa pamoja, makundi ya mtaa, ofa za vifurushi, rambirambi ya jirani aliyefariki nikiwa kwenye maji, na dada yangu: "Mama anauliza mmefika wapi, anasema ameota samaki." Nikapanda juu na simu mkononi. Nikatazama kioo cha GPS ili nimjibu dada tulipo.

Tulikuwa tumesogea. Matanga yamefungwa, hakuna anayeendesha, na bado tumesogea maili karibu ishirini, kaskazini, na kidogo kuelekea nchi. Mama alikuwa amekaa na blanketi begani, ananitazama nikisoma namba. Kwenye ramani yake palepale alipouishilizia mstari alikuwa amechora kwa penseli kijivuli kidogo kinachopanda juu, na mwisho wake ameandika saa: kumi na mbili asubuhi. Kijivuli kinaishia usawa wa Nungwi.

Aliyapangia kazi yale maji tangu Mahé. Tulilala na tukasafiri.

Alfajiri mnara wa taa wa Ras Nungwi unawaka magharibi, ukazimika kulipokucha. Na kati yetu na mnara, wakuu, niliwahesabu: vidau na ngalawa kumi na saba zimetapakaa, hakuna hata moja iliyokuwa na taa. Mmoja alisimama akapunga kofia. Sikumwambia mama neno, nikaenda kumpikia chapati.

Tukafungua matanga tukakata kati ya Unguja na Pemba, tukageuza omo kuelekea Tanga. Sasa upepo nyuma, mkondo nyuma, chombo kilichozoea maili tano na nusu kinakwenda maili nane kwa saa bila kelele. Kwenye mkondo wa Pemba nyangumi wawili, mama na mtoto, wakapita mbali wakipuliza. Saa tisa na nusu alasiri tukakipita kisiwa cha Ulenge na mnara wake, tukaingia ghuba. Bendera ya njano juu, tukasubiri watu wa afya na uhamiaji.

dada wa Ngamiani

Nimelia kwa ndoto ya samaki, sijui kwa nini.

Mzee wa Rangi

Naondoa neno langu la chai. Kumi na saba hizo ndizo zimenimaliza. Sasa mkuu, sisi wenye nia, karatasi gani zinatakiwa?

Chumbageni

@Mzee wa Rangi karibu mezani. Pasi ya kusafiria ya kueleweka, kwanza. Pili nilikuwa nimesoma ile kozi ya msingi ya usalama baharini, kuzima moto, kuokoa watu, huduma ya kwanza. Chuo cha Bahari Dar es Salaam wanaitoa. Kisheria mwenye mashua binafsi anaweza kukuchukua bila hiyo, lakini wazee wangu waliniambia baadaye ndiyo iliyonitofautisha na wenzangu wanne walioomba. Malipo yalikuwa ya kawaida, chakula juu yao, na tiketi ya ndege ya kurudi iliwekwa kwenye makubaliano endapo tungeshindwana njiani. Hilo la tiketi liandikwe, msilete aibu. Nilikutana na kijana wa Kenya Nosy Be aliyeshushwa na nahodha wake bila nauli, alikuwa anaosha vyombo hotelini ili arudi kwao.

mtoto wa likoni

Na baba yako je? Ulimweleza mlivyolala?

Chumbageni

@mtoto wa likoni kesho yake nilikwenda Mwambani. Nimemkuta anashona nyavu. Hakuniuliza Bukini pakoje wala Shelisheli. Aliuliza mlitokea wapi, nikasema Nungwi. Mlilala wapi, nikasema nje ya Chwaka. Akaacha kushona. Akasema, nani kamfundisha huyo mama?

Sikuwa na jibu, nikampigia simu palepale. Mama akacheka, akasema imeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo wa bahari hii, kile kinene cha buluu, nilikuwa nakifuta vumbi kila wiki. Nikamtafsiria baba.

Baba akasema, kumbe wameandika. Akarudi kwenye nyavu zake.

fundi kalafati

Yote mazuri, lakini ile gilandi mmebadilisha kamba au bado inadondoka?

Chumbageni

@fundi kalafati bado inadondoka. Tunakipandisha chombo nchi kavu maji makuu ya mwezi ujao. Kama una nafasi niandikie faragha, mzee anatafuta fundi.